Kompyuta Iliyosema Minani Amekula

Mwanangu Adelina,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana nakuona hapo uani umekalia begi ili zipu ifunge. Haitafunga. Toa hilo blanketi zito, Biharamulo hakuna baridi ya kwetu.

Mengine ya safari siyagusi. Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kuamkia wakubwa na kutowajibu wanaume wa stendi ya Lusahunga, mama yako ameanza kuzisema asubuhi na hadi sasa hajafika katikati. Mimi nina moja tu, lile uliloniuliza mchana tukimenya ndizi. Ulisema, "Baba, ungekuwa wewe ungechagua lipi?" Nikakujibu ningechagua kuzaliwa tajiri. Ukacheka, lakini hukucheka vizuri, nilikuona. Nilikukimbia kwa utani kwa sababu nimechoka, mwanangu, na uchovu wenyewe si wa jembe. Jibu lako limelala ndani ya ile miaka ya kambi ya wakimbizi, na miaka ile kila nikiigusa mwili unakuwa mzito.

Kwanza nilirudie swali, usije ukasema baba aliyeishia kidato cha pili amejibu mtihani wa mwenzako. Unakwenda kutengeneza programu ya zahanati, zile zinazotibu wanavijiji na wakimbizi pamoja. Jumatatu meneja wako anataka umwambie njia. Njia ya kwanza ni mfumo mmoja mkubwa: mashine moja pale Biharamulo, ndani yake wagonjwa wote, dawa zote, chanjo zote, uandikwe mpaka uishe, kisha siku moja zahanati zote zihamie humo. Ya pili ni programu ndogondogo, kila zahanati na yake, uanze na moja, utazame, urekebishe, ndipo uende kwa jirani. Meneja anaitaka ya kwanza. Wewe hujui unaitaka ipi, ila unaogopa kwamba ukimpinga siku ya kwanza atatafuta mwingine wa kukalia kiti chako. Nimekosea? Sijakosea.

Basi umekuja kwa mtu mwenyewe. Kuanzia Rulenge mpaka Nyamiaga hutampata mtu mwingine aliyezikosea njia zote mbili, akazikosea vizuri, mpaka mwisho. Wengine hukosea moja wakakata tamaa. Baba yako alimaliza kozi.

Kazi ya kambini niliipata kwa mdomo. Walikuwa wanatafuta makarani, nami nilikuwa kijana mwenye shati moja la kupiga pasi na wewe mgongoni kwa mama yako. Wakaniuliza, "Kompyuta unaijua?" Nikawajibu kwamba kompyuta ndiyo inayonijua mimi. Ukweli nilikuwa nimegusa taipureta ya misheni mara chache, tena kwa kuiba muda wakati wa ibada. Lakini wakanipa kiti, na nikishapewa kiti mimi siinuki. Nilisoma kile kitabu cha maelekezo na kamusi pembeni, neno kwa neno, mpaka mashine ikakubali. Ndani ya muda mfupi nilikuwa naandika programu inayochapa orodha ya mtaa mzima kambini, na watu walikuja hemani kutazama tu printa inavyotema karatasi. Nilikuwa napita sokoni Mabawe nasalimiwa kwa mikono miwili. Usicheke.

Milima nayo ilikuwa imefunikwa na watu. Mahali tulipookota uyoga utotoni palikuwa na maturubai ya shitingi za bluu mpaka macho yanapoishia, na kuni zilifuatwa mbali kuliko maji. Malori ya mahindi hayakulala. Chakula kiligawiwa kwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, na kadi hizo zilikuwa na uchafu wake: wengine walikuwa nazo tatu, wengine walizinunua, wengine walikuwa wakila kwa jina la marehemu. Ndipo shirika lililotuajiri likasema, tengenezeni mfumo wa kompyuta, karatasi iishe.

Ofisini tulikuwa watatu. Mkuu wetu, mtu wa kutoka mbali, mpole, aliyependa michoro kuliko chai. Mimi. Na Spesioza, Mrundi, naye mkimbizi vilevile, ambaye huko kwao alikuwa karani wa komine, kama halmashauri ya kwetu, na alikuwa na majivuno kunizidi, jambo ambalo mpaka hapo nilidhani haliwezekani. Mimi nikachora nyumba moja kubwa: uandikishaji, chakula, hospitali, shule, vyote vinasomana ndani ya mashine moja. Spesioza akaitazama ile karatasi akaigeuza juu chini, chini juu.

"Nzuri," akasema. "Watu wako wapi?"

"Watu wataingia ikishakwisha."

"Mimi ningeanza na mtaa mmoja. Programu ndogo, orodha ya mtaa ule tu. Ikikataa, imekataa kwa wachache."

"Dada Spesi, wewe unataka kuvuka mto Ruvuvu kwa kutumbukiza kidole kimoja kimoja."

"Ego, ndiyo. Na wewe ruka, ndugu yangu. Tutakwenda kukuokota Rusumo, kwenye maporomoko."

Hema zima lilicheka, hata mkuu alicheka baada ya kutafsiriwa. Lakini alichagua mchoro wangu. Kila mkuu huchagua mchoro, Adelina, na nikuambie kwa nini, maana hili nililijua nikiwa nimeshalipia: mchoro ni mtamu kwa sababu hauna watu ndani yake. Hakuna anayekuja na mtoto mgongoni kwenye mchoro akasema jina langu halipo.

Tukajifungia. Masika ikaja ikapita sisi tunaandika. Kila wiki nilisema "imebaki kidogo", na nilikuwa nasema kweli, kwa sababu kilichobaki kilikuwa kidogo kila wiki, tena kidogo kingine tofauti. Hakuna mkimbizi aliyeona hata ukurasa mmoja. Niliijaribu programu kwa majina niliyoyabuni mwenyewe, na kwa kuwa mimi ni fundi wa kubuni, majina yangu hayakugongana hata mara moja.

Sehemu niliyojivunia kupita zote ilikuwa chujio la kadi za udanganyifu. Nililiandika hivi: watu wawili wakiwa na jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili, bakiza mmoja, futa mwingine. Majina ya ubatizo niliyaacha kando, maana kila karani aliyaandika alivyosikia na Yohana mmoja alikuwa na sura tano. Nikachukua jina la nyumbani tu. Tarehe nazo, wazee wengi hawakuzijua, kwa hiyo makarani wote tuliwaandikia mosi Januari ya mwaka wa kukisia, mara nyingi mwaka uleule.

Umeshaona? Mkuu asingeweza kuona, hakuzaliwa huku. Sisi ndio tulioweza. Unajua Warundi na sisi huku majina tunayapataje. Mtoto wa nane ni Minani. Wa saba ni Nyandwi. Pacha ni Bukuru na Butoyi, anayewafuata ni Ciza. Katika kambi yenye watu kama siafu, Minani walikuwa wangapi? Na wote wazee, na wote mosi Januari! Mimi mwenyewe ni Nyandwi, wa saba kwa bibi yako, na cheti changu cha ubatizo kinasema mosi Januari kwa sababu padre alikuwa na haraka. Ningeingia kwenye chujio langu mwenyewe nisingetoka. Nilikuwa nalijua hilo tangu nanyonya, lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nilidhani nimehamia nchi nyingine ambako watu hawaitwi hivyo.

Na ili nisibakize mlango wa kurudi nyuma, nilimshauri mkuu tukusanye kadi zote za zamani tuzichome, watu wasije wakachanganya. Zikachomwa nyuma ya ghala. Nilisimama pale mikono kiunoni kama bwana harusi.

Siku ya mgao mimi ndiye niliyesoma majina. Akaja mzee mrefu, kofia mkononi, nyuma yake mke na watoto na gunia tupu.

"Jina?"

"Minani."

Nikatazama karatasi. "Minani ameshachukua."

"Nani amechukua?"

"Minani."

"Minani ndiye mimi, mwanangu."

"Basi umeshachukua, mzee. Pisha wengine."

Watu kwenye mstari wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Kisha akaja Minani mwingine. Kisha Bukuru, kisha Ciza, kisha akina Minani wawili waliofuatana, na hapo kicheko kikaisha. Walianza kupiga kelele. Spesioza alikuwa meza ya pili, akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Umefuta wazaliwa wa nane wote wa Burundi. Hata vita havikuweza." Kadi za kuthibitisha zilikuwa majivu. Mkuu akasema mgao ujao utarekebishwa, na walinzi wakaufunga mlango.

Siku zile nikirudi nyumbani nilikuwa napitia shambani kwetu. Nikamkuta yule mzee anapalilia migomba yetu. Mama yako alikuwa amemkodi kwa mkungu wa ndizi bila kujua ni nani, kama watu wote huku walivyokuwa wakiwakodi wakimbizi. Mkewe alikuwa amekaa kivulini, na wewe ulikuwa karibu yake, unamwonyesha mtoto wake panzi. Mzee akaniona, akasimamisha jembe.

"Wewe si yule wa kompyuta?"

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, tena kwa upole ambao ningetoa chochote asiwe nao.

"Kompyuta yako iliniambia nimekula," akasema. "Nimerudi nyumbani nikalitazama tumbo. Halina habari."

Hakusema kwa kunikejeli. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayeeleza hali ya mvua. Mimi nilichukua jembe la pili nikaanza kupalilia naye. Alipoondoka na mkungu wake walinzi walimkamata njiani, kwa sababu hakuruhusiwa kuwa nje ya kambi, na ndizi zikabaki kizuizini. Hayo nilisimuliwa kesho yake. Mgao ulipokuja tena jina lake lilikuwepo. Kati ya migao hiyo miwili walikula nini, sikuwahi kuwa na uso wa kumwuliza.

Sasa ungedhani hadithi inaishia hapo: baba alikosea kwa kukimbilia kikubwa, Spesioza alikuwa sahihi, chagua kidogo, kwaheri. Ingekuwa hivyo ningekwambia mchana ule ule, tukaendelea na ndizi.

Mchoro wangu uliwekwa kabatini, tukafuata njia ya Spesioza. Kila mtaa na programu yake, na disketi yake, na karani wake. Nakiri ilikuwa raha. Jina likikosewa asubuhi, jioni limesahihishwa, kwa sababu karani alikuwa anaishi na wale watu. Tulianza na mtaa mmoja tukasikiliza, wa pili ukatufundisha, wa tatu ukaenda wenyewe. Spesioza alitembea kambini kama malkia, nami nikambebea disketi, nikamwita Mheshimiwa, akanipa maagizo kwa kidole.

Lakini watu hawakai mtaani mwao, Adelina. Wanaoana. Mjane anahamia kwa dada yake. Mtoto anapelekwa kwa shangazi aliye karibu na shule. Kila programu ilikuwa imekua kivyake kama watoto waliolelewa kwa mama wa kambo mbalimbali: mtaa huu unaandika siku kwanza, ule mwezi kwanza, huu unahesabu familia kwa anayepika, ule kwa anayeshika kadi. Hakuna aliyewahi kukaa na makarani wote wakakubaliana jambo moja, kwamba mtu mmoja anatambulikaje. Spesioza alisema litajulikana mbele ya safari. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeshapigwa chini mara moja na sikuwa na hamu ya kuonekana tena nabisha.

Ikaja amri ya kuwahamishia watu kambi nyingine, tuunganishe orodha zote iwe moja ya kupandia malori. Hazikuungana. Butoyi, kitoto, alikuwa kwenye orodha ya shangazi yake mtaa mmoja na kwenye ya mama yake mtaa mwingine. Kila karani akamfuta akidhani yuko kwa mwenzake. Mama akapandishwa lori la kwanza, mtoto akabaki. Walikutana tena, nakuhakikishia, maana najua moyo wako. Lakini nilimwona yule mama akivutwa kutoka kwenye ubavu wa lori, na nilimwona Spesioza amekaa juu ya sanduku la disketi, kilemba kimeanguka hakiokoti. Nilitaka kumtania habari za Rusumo. Utani ulifika mdomoni ukarudi wenyewe.

"Nilidhani kidogo hakiumizi," akaniambia.

Nikamwambia, "Dada Spesi, tulikuwa tunabishania ukubwa wa sufuria, badala ya..." Akatikisa kichwa. Hakuna kati yetu aliyejua sentensi inavyoisha, tukaanza kuunganisha majina kwa mkono, familia baada ya familia, tukiwauliza watu wenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyonichosha uchovu huu unaouona. Nikiacha kumenya ndizi nikatazama ukuta, usidhani nazeeka. Bado ninaunganisha.

Kwa hiyo, jibu.

Ningekuwa wewe, Jumatatu ningemwambia meneja kwamba mchoro wake ni mzuri, na ningemaanisha, maana kuna kitu kimoja ndani yake ambacho ni lazima kiwe kimoja kwa zahanati zote: namna ya kumtambua mgonjwa. Hicho kubalianeni kabla hujaandika mstari wowote. Wakae manesi wa zahanati zote pamoja wakwambie Minani wanamtofautishaje na Minani. Watakuambia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote ulichosoma Mwanza: makovu, jina la mama, mtaa wa mkwe. Wasikilize wakibishana. Wasipobishana, bado hawajakuambia.

Kisha mengine yote ningeyaacha yawe madogo. Zahanati moja kwanza. Kadi za karatasi ziendelee kando ya kompyuta, hata kama kazi inakuwa mara mbili na manesi wanakununia, mpaka siku ambayo kompyuta na karatasi zikigombana wewe mwenyewe unaona kompyuta ndiyo yenye haki. Hapo ndipo uende zahanati ya pili. Ikikulazimu, kwa ajili ya ile ya pili, kurudi ukaubomoe ukuta uliojenga kwenye ile ya kwanza, bomoa, usione haya. Mimi niliona haya, ndiyo sababu nilimwambia mzee amekula.

Na usitoe tarehe ya kumaliza kwa mdomo kwa sababu tu chumba kimenyamaza na wewe ndiye unayetazamwa. Una mdomo wangu, nakujua. Ukitazamwa unaahidi.

Siwezi kukuhakikishia kwamba ukifanya hivi hakuna atakayeumia. Nitakuwa mwongo, na uongo wangu nimeutumia wote kwenye usaili wa ile kazi. Najua tu kwamba kosa litakuja, kwa njia yoyote utakayoichagua, na tofauti yake ni wewe utakuwa wapi litakapokuja. Mimi nilikuwa nyuma ya meza, naye alikuwa upande wa pili na gunia tupu. Kaa pale ambapo ukikosea utauona uso.

Kuhusu kiti chako: inawezekana meneja akakasirika. Atasema ametafuta binti wa kompyuta, kaletewa mkwe wa kumpa masharti. Mama yako ataniua akisoma hapa, kwa sababu ameshawatangazia majirani wote kwamba wewe sasa ni mtu wa ofisi. Hata hivyo mwambie. Mwambie kwa adabu, shikamoo kwanza, sauti chini, macho juu. Akikubali, umepata mtu wa kufanya naye kazi. Akikataa akakuambia fanya ninavyosema au rudi kwenu, uamuzi ni wako, na mimi sitakuwepo kukushika mkono.

Ila ukichagua kurudi, rudi mchana, upande basi ukiwa umenyooka, usijifunike khanga usoni kama mtu aliyefanya vibaya. Mimi nitakuja stendi kukupokea. Nitakubebea begi lako lisilofunga, na njia nzima mpaka nyumbani nitakucheka kwa sauti, watu wote wajue huyu ni mtoto wangu.

Baba yako,
aliyechoka, lakini bado ndiye mzuri wa sura kuliko wote hapa nyumbani